Watawala Wawili, Kopo Moja: Jinsi ya Kusoma Sarafu za Zamani Ukiwa Musoma, Bunda au Butiama

Nyumba nyingi za Mara zina kopo. Laweza kuwa la maziwa ya unga au la majani ya chai, na mara nyingi limekaa juu ya kabati tangu babu alipozikwa. Ndani mna vifungo vya mashati, ufunguo usio na kufuli, na sarafu ambazo hakuna duka linalozipokea. Siku likifunguliwa, swali la kwanza huwa bei. Nakushauri uliweke pembeni kwanza, uanze na hili: aliyeandikwa hapa ni nani, na wakati huo alikuwa akitawala pamoja na nani, au akigombana na nani?

Sarafu haipandi thamani kwa uzee peke yake. Heller moja ya Mjerumani ina zaidi ya miaka mia, na bado ni ya kawaida kabisa kwa wakusanyaji kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni. Kinachoifanya sarafu itafutwe ni uchache, na uchache huzaliwa sana katika vipindi ambavyo madaraka yanahama: mtawala mmoja ameingia kabla mwenzake hajatoka vizuri, wawili wamekalia kiti kimoja, au mataifa mawili yanagombea ardhi ileile. Mara ipo mpakani na ipo ziwani, kwa hiyo makopo ya huku yana ushahidi mwingi zaidi wa mambo hayo kuliko ya mikoa mingi.

Kabla hujagusa chochote

Usisugue. Ndimu, majivu, mchanga wa ziwani, dawa ya meno, stilwaya, vyote hivyo huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na mnunuzi mzoefu huitambua sarafu iliyosuguliwa kabla hata hajaishika. Rangi ya kahawia au nyeusi kwenye shaba ya zamani si uchafu. Imejijenga kwa miaka mingi na inalinda madini yaliyo chini yake. Ikiwa sarafu imetoka ardhini na ina udongo, iloweke kwenye maji safi ya mvua, ibadilishie maji mara kadhaa, kisha ikaushe kwa kitambaa laini cha pamba kwa kugandamiza, si kwa kufuta. Yenye unga wa kijani hafifu itenge na wenzake, maana kutu hiyo hula shaba.

Kisha iweke kila moja kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi. Hewa ya Musoma ina unyevu wa ziwa, na mifuko laini ya plastiki huzidisha shida. Shaba iliyofungiwa humo hutoka na utando wa kijani unaonata.

Juu ya bahasha andika kwa penseli sarafu imepatikana wapi, kwa nani, na lini. Watu hulidharau jambo hili, nami nasema ndilo lenye faida kuliko yote katika mwongozo huu. Rupia iliyofukuliwa shambani Nyamuswa na rupia iliyonunuliwa kwa mtalii zaweza kufanana kabisa kwa sura, lakini ya kwanza inaeleza historia ya Nyamuswa na ya pili haielezi kitu.

Utahitaji mizani. Kwenye machimbo ya Buhemba na Kiabakari wanunuzi wa dhahabu wana mizani midogo inayosoma sehemu ndogo sana za gramu. Omba upimiwe, uandike uzito, uondoke. Usiiache sarafu mikononi mwao hata kwa dakika tano, si kwa sababu ni wezi, ila kazi yao imewazoesha kupiga tupa na kudondosha tindikali ili kujua kilicho ndani. Wakishafanya hivyo wewe unabaki na chuma chakavu.

Kupiga picha, simu inatosha. Weka sarafu karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje kwa ubavu, si kutoka juu. Maandishi yaliyofutika huonekana kwa kivuli chake.

Kaisari na mjomba wake

Ukimwaga kopo la familia iliyokaa Mara tangu mwanzo wa karne iliyopita, kuna uwezekano mkubwa wa kukuta ndugu wawili waliopigana. Wa kwanza ni Wilhelm II, Kaisari wa Ujerumani. Rupia yake ya fedha ina uzito wa takriban gramu 11.66, na inamwonyesha amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maandishi ya Kilatini GUILELMUS II IMPERATOR. Kama upande wa pili una simba na mnazi, ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotoka kati ya 1890 na 1902. Kama upande wa pili umeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, ni ya serikali yenyewe, ya 1904 hadi 1914. Hiyo ndiyo fedha iliyodaiwa kwa kodi ya kibanda.

Senti zake hazina sura. Heller ya shaba ina taji upande mmoja na thamani upande wa pili, na chini yake kuna herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Heller 100 zilifanya rupia moja. Ipo heller 5 ya shaba ya 1908 na 1909, bamba kubwa la gramu 20 ambalo mtu akilishika mara ya kwanza hudhani ni medali. Hiyo ni adimu kuliko heller moja, iweke kando. Zipo pia heller 5 na heller 10 zenye tundu katikati.

Kabla ya heller kulikuwa na pesa ya Kampuni, 64 kwa rupia, yenye tai wa Kijerumani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande mwingine. Hapa pana mtego. Mwaka wake ni wa Hijria: 1307, 1308 au 1309. Usikubali mtu akuambie kwamba sarafu yako ni ya mwaka 1307 na ina miaka mia saba. Hijria 1307 inaangukia 1889 na 1890. Mtego huo huo upo kwenye pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye picha ya mizani na mwaka 1299, ambao ni 1882.

Ndugu wa pili alikuwa ng'ambo ya mpaka. Uingereza ilikuwa na sarafu zake kwa ajili ya Kenya na Uganda, zimeandikwa EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES, na mpaka wa siku zile haukuwazuia Wajaluo wala Wakurya kwenda kuuza ng'ombe upande wa pili. Hadi 1910 zina jina la Edward VII, aliyekuwa kaka wa mama yake Wilhelm, yaani mjomba wake. Kuanzia 1911 jina ni la George V, mtoto wa mjomba huyo. Wilhelm na George walikuwa wajukuu wa Malkia Victoria, na mwaka 1914 majeshi yao yakaanza kuuana, hata kwenye Ziwa Victoria na katika ardhi ya Mara. Wajerumani walikuwa na kituo Shirati, karibu kabisa na mpaka, na ngome Ikoma, ndani kuelekea Serengeti. Kwa hiyo ukikuta rupia ya Wilhelm na senti 50 ya George V kwenye kopo moja, usizitenganishe ili uuze moja moja. Moja moja hazina ajabu. Pamoja, zikiwa na maelezo ya nyumba zilikotoka, ni kumbukumbu ya mtu wa kawaida aliyelazimika kuwa na fedha za pande zote mbili.

Mwaka wa Tabora

Vita vilipofunga bahari, Wajerumani hawakuweza tena kuleta sarafu kutoka kwao. Mwaka 1916 wakaanza kuzitengeneza wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Walitoa heller 5 na heller 20 kwa shaba na shaba ya njano, na rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ubelgiji iliingia Tabora Septemba mwaka huohuo na kazi ikaisha.

Sarafu za Tabora utazitambua kwa mambo matatu: mwaka 1916, herufi T, na ubovu wa kazi. Herufi zake zimekaa vibaya, taji lina uvimbe, ukingo haukulingana. Heller 20 si adimu kama watu wanavyodhani, lakini ina aina nyingi za mihuri, na baadhi ya aina hizo hutafutwa, kwa hiyo pima na upige picha kila unayoipata, hata kama unazo mbili zinazofanana.

Rupia 15 ya dhahabu ni habari nyingine. Ina tembo na milima nyuma yake, uzito wake ni gramu 7.17 hivi, na zilitengenezwa elfu kumi na sita na kidogo tu. Huuzwa kwa maelfu ya dola. Ndiyo maana imeigwa mno. Nakala za chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu zimejaa sokoni, na mtu akikuletea Musoma kwa bei ya simu ya mkononi, jibu ni hapana hata kabla hujaipima. Ukitaka kuipima, uzito ndio shahidi wa kwanza: nakala nyingi hukosa uzito huo. Sumaku ni shahidi wa pili. Dhahabu, fedha na shaba hazinaswi na sumaku. Sarafu inayorukia sumaku si ya Tabora.

Wafalme watatu wa 1936

Baada ya vita Mwingereza alileta shilingi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na tangu 1921 shilingi yenye simba na milima ikaanza kutengenezwa. Ndururu (senti 5) na peni (senti 10) za shaba zilikuwa na tundu katikati, na pembe za tembo zilizopinda pande mbili za tundu hilo. Wazee wa Bunda waliouza pamba na waliofanya kazi migodini Kiabakari walilipwa kwa hizo, na ndizo utakazozikuta kwa wingi.

Nyingi hazina bei. Ila tafuta mwaka 1936.

Mfalme George V alifariki tarehe 20 Januari 1936. Mwanawe Edward VIII akarithi, lakini hakutawazwa; tarehe 11 Desemba mwaka huohuo aliacha ufalme ili amwoe mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa ameachika, na mdogo wake akawa George VI. Kwa hiyo katika mwaka mmoja kulikuwa na wafalme watatu. Nchini Uingereza hakuna sarafu ya Edward VIII iliyotolewa rasmi mtaani, kwa sababu aliacha ufalme kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa. Huku kwetu sarafu za tundu hazikuhitaji sura, maana palipo na tundu uso haukai. Zilihitaji taji na jina tu. Viwanda vya Birmingham vikachapa ndururu na peni kwa jina lake, zikapakiwa melini. Mkulima wa pamba wa Bunda akawa na mfalme huyo mfukoni wakati mchuuzi wa London hakuwa naye.

Soma hivi: EDWARDVS VIII REX ET IND:IMP, mwaka 1936, na huenda kuna herufi H au KN, ambazo ni alama za viwanda vya Heaton na Kings Norton. Tahadhari moja inayowaangusha wengi: hesabu mistari ya namba ya Kirumi. VII ni mjomba wa Kaisari, wa 1906 hadi 1910. VIII ni huyu wa 1936. Tundu likiwa limeliwa, mstari mmoja hupotea kirahisi, basi tazama mwaka.

Na sasa nikuvunje moyo kidogo: ndururu na peni za Edward VIII si adimu. Zilitengenezwa nyingi. Wauzaji wa mtandaoni huandika "mfalme aliyejiuzulu, adimu sana", na bei inapaa bila sababu. Nunua au uza kwa bei ya chini, na uihifadhi kwa kisa chake. Kwa maoni yangu hakuna sarafu ya bei nafuu Afrika Mashariki yenye kisa kizuri kuliko hiyo.

Njia ya haraka ya kukadiria umri wa hizi nyingine: maneno IND:IMP yanamaanisha Kaisari wa India. India ilijitawala 1947, na sarafu za 1948 na kuendelea hazina maneno hayo. Herufi SA ni Pretoria na I ni Bombay, za wakati wa Vita vya Pili. Jina la Malkia Elizabeth limeandikwa kwa Kiingereza, si kwa Kilatini. Kisha utazame senti 5 na senti 10 za 1964: hazina jina la mtawala yeyote. Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa huru, malkia ameondoka kwenye sarafu, na benki kuu za nchi hizi hazijazaliwa. Kiti kiko wazi. Nazo ni za bei ndogo, lakini seti ya sarafu za Afrika Mashariki bila ya 1964 ina pengo.

Mwalimu na Mzee Mwinyi, 1987

Hapa ndipo mtu wa Butiama anapaswa kukaa kwa utulivu.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na mwaka huohuo sarafu zake zikatoka: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Senti 10 yenye pundamilia ilifuata 1977. Upande wa kichwa ulikuwa wa mtu mmoja, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge, Musoma. Kwa karibu miaka ishirini, mtoto aliyecheza kichwa au mwenge popote Tanzania alikuwa akirusha sura ya mtu wa Mara.

Novemba 1985 Mwalimu Nyerere akang'atuka urais, na Ali Hassan Mwinyi akaingia. Lakini Mwalimu hakuondoka kwenye uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi hadi Agosti 1990, na wakati huo chama kilikuwa kimeshika hatamu. Sisemi walikuwa mahasimu. Mmoja alimpisha mwenzake kwa hiari, jambo lisilo la kawaida Afrika ya miaka ile. Ila hawakuwa na mkono mmoja katika uchumi. Mwaka 1986 serikali ya Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shirika ambalo Mwalimu alikuwa amevutana nalo kwa miaka, na maduka yakaanza kujaa bidhaa huku shilingi ikiporomoka.

Tazama sasa sarafu za 1987. Shilingi moja ya mwaka huo ina mwenge uleule, lakini kichwa ni cha Mwinyi. Shilingi kumi ya mwaka huohuo ina kichwa cha Mwalimu na nembo ya taifa. Rais aliye madarakani yuko kwenye shilingi moja, na rais aliyetoka, ambaye bado ni mwenyekiti wa chama, yuko kwenye shilingi kumi. Sidhani Benki Kuu ilikuwa na nia ya kupanga vyeo. Hata hivyo mtu anayejua siasa za miaka ile akiziona zimelala pamoja mezani atatabasamu.

Jaribu na sumaku. Shilingi moja ya Nyerere ya 1966 hadi 1984 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, kubwa na nzito, na sumaku haiishiki. Shilingi ya Mwinyi ya 1987 ni ndogo, ni chuma kilichovishwa nikeli, na sumaku inaikamata mara moja. Shilingi kumi ya 1987 bado ni shaba na nikeli. Zile za miaka ya 1990 ni chuma. Mporomoko wa shilingi unaweza kuupima kwa sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu ya redio.

Za leo unazo mfukoni. Shilingi 50 yenye faru ni ya Mwinyi, aliyefariki Februari 2024. Shilingi 100 yenye swala ni ya Mwalimu. Shilingi 200 yenye simba na 500 yenye nyati ni za Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar na mwenzake Mwalimu katika Muungano wa 1964. Chenji ya sokoni Bunda inakupa viongozi hao watatu bila gharama. Chagua zilizo safi kabisa, zenye mng'ao wa kiwandani, maana baada ya miaka hamsini zilizochakaa zitakuwepo nyingi na safi zitakuwa chache.

Ukiletewa ya Kirumi yenye vichwa viwili

Inatokea. Mmisionari mstaafu ameacha kisanduku, mtalii aliyetoka Serengeti amelipa kwa kitu cha ajabu, au kijana amenunua mtandaoni. Ni sarafu nene ya shaba yenye vichwa viwili vinavyotazamana na maandishi ya Kigiriki.

Dola ya Roma iliiachia miji mingi ya mashariki itengeneze sarafu zake za shaba, kwa lugha yake, kwa matumizi ya sokoni kwake. Ndizo sarafu za majimbo. Palipokuwa na watawala wawili kwa pamoja, miji mingine iliwaweka wote wawili kwenye upande mmoja. Mfano maarufu ni Caracalla na Geta, ndugu wawili waliorithi dola mwaka 211 baada ya baba yao Septimius Severus kufariki. Hawakumaliza mwaka. Desemba hiyo Caracalla alimuua mdogo wake, kisha akaamuru jina na sura yake vifutwe kila mahali. Katika miji kama Pergamon na Stratonicea, zote katika Uturuki ya leo, kuna sarafu ambazo kichwa cha Geta kimekwanguliwa makusudi, na kaka yake amebaki akitazama pengo. Kwa hiyo ukiona upande mmoja umekwanguliwa, usikimbilie kusema imeharibika; mkwaruzo wenyewe waweza kuwa ndio thamani.

Wengine wawili ni Pupienus na Balbinus, waliochaguliwa na Baraza la Seneti mwaka 238 wawe sawa kwa sawa. Hawakuaminiana hata kidogo. Fedha zao zilizotengenezwa Roma zina picha ya mikono iliyoshikana na maneno ya kusifu upendo wao kwa wao. Walitawala siku 99, kisha walinzi wa ikulu wakawaua wote wawili. Muda mfupi kiasi hicho ndio unaofanya sarafu za majimbo zenye majina yao ziwe adimu mno.

Adimu mno maana yake ni kwamba uliyoletewa kwa shilingi elfu hamsini karibu kwa hakika si yenyewe. Tazama ukingo: nakala za kumimina huwa na mstari mwembamba unaozunguka ubavu, na uso wake una vitundu vidogo kama maganda ya chungwa. Ya kweli ilipigwa kwa nyundo, ukingo wake mara nyingi una nyufa, na vichwa havikai katikati sawasawa.

Sheria, matapeli na soko

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu ya Kilwa au ya Kirumi iliyofukuliwa ardhini Tanzania imo humo. Heller ya 1904 haimo kwa umri wake, lakini kuchimba kwenye eneo la kale bila kibali ni kosa, na kutoa mambo ya kale nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hiyo achana na safari za usiku za kwenda kupekua maboma ya Mjerumani na makaburi yao kwa mashine ya kutafutia dhahabu. Habari za hazina waliyoizika Wajerumani zimewamaliza watu wengi nauli na akili, na askari aliyekuwa akikimbia vita hakuwa na sababu ya kukuachia sanduku.

Tapeli wa sarafu hujulikana kwa mlolongo wake. Kwanza anakupigia simu na kukuambia kuna Mzungu au Mwarabu anatafuta "rupia yenye nguvu". Pili anataja mamilioni. Tatu anataka hela ya kupima, ya mganga au ya kibali. Mnunuzi wa kweli hataki ulipe chochote. Anataka picha mbili zilizo wazi, uzito na kipenyo. Rupia ya fedha haina nguvu yoyote isipokuwa gramu zake za fedha na umri wake.

Usichanganye sarafu na noti. Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za zamani, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na baada ya hapo noti hizo si fedha halali. Ukikuta kwenye kopo, hizo sasa ni za mkusanyaji, si za dukani. Wakala wa fedha Makutano hawezi kukusaidia.

Ukitaka kujua bei, usitazame bei zinazoombwa mtandaoni. Tazama zilizouzwa kweli kwenye minada, hasa ya Ujerumani na Uingereza ambako sarafu za Deutsch Ostafrika (DOA) zina wapenzi wengi. Katalogi za Krause zimeorodhesha karibu kila sarafu niliyoitaja, na tovuti ya Numista ni ya bure na ina picha. Linganisha mwaka na herufi ya kiwanda kabla hujalinganisha bei, kwa sababu heller mbili zinazofanana, moja ya A na nyingine ya J, zaweza kutofautiana sana.

Ikiwa ulichonacho ni cha shaka au cha pekee, Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, ambayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Nenda na picha kwanza, sarafu iache nyumbani. Uliza namna ya kuandikisha, na kama unataka kutoa kwa makumbusho, hakikisha unapewa hati yenye maelezo ya kitu na jina la familia.

Na usingoje rupia. Tafuta shilingi moja na shilingi kumi za 1987, ziweke kwenye bahasha moja, kisha mtafute mzee aliyezitumia umwulize shilingi hizo kumi zilinunua nini Musoma mwaka ule. Yaandike majibu yake juu ya bahasha hiyo wiki hii, angali ana kumbukumbu.